Dawa ilimpiga, mbona hakufa?

Swali

Shikamoo, Daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia kwenye sekondari moja wilayani Kongwa. Mwezi uliopita nilipata UTI, nikaandikiwa antibayotiki ya sipro ya siku tatu. Nilimeza asubuhi na jioni, sikuruka hata kidonge. Siku ya pili maumivu yalikata. Siku ya kumi yakarudi. Safari hii nilipanda gari hadi Dodoma mjini, wakaotesha mkojo, majibu yakatoka: bakteria E. coli, na mbele ya sipro wameandika S, kwamba dawa inamuweza. Mwenye duka la dawa hapa kwetu anasema mdudu ameshakuwa sugu, lakini karatasi inasema si sugu. Kama dawa inamuweza na dozi niliimaliza, huyu alitoka wapi? Bakteria aliyejeruhiwa na antibayotiki anaweza kujitibu akapona, kama sisi tunavyopona? Na nani anamwambia afanye nini, wakati hana hata ubongo?

Jibu

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa maumivu. Kwanza nirudishe cheo ambacho si changu: mimi si daktari wa wagonjwa, ni mtu wa maabara. Kwa miaka mingi hapa Dodoma nimeotesha mikojo, makohozi, damu na usaha wa watu, nikawaandikia madaktari karatasi kama hiyo uliyonayo. Kwa hiyo umeze nini sasa, hilo ni la daktari wako. Nitaligusa kidogo tu mwishoni. Ila swali lenyewe limenikaa, maana linaigusa karatasi yangu, na hiyo karatasi haisemi kile ambacho wengi wanadhani inasema.

Kwa kifupi, ndiyo, anaweza kupona. Na jambo ambalo hata sisi wa maabara tulichelewa kulielewa ni kwamba mara nyingi kufa au kupona kwake hakuamuliwi dawa ikiwepo. Kunaamuliwa saa chache baada ya dawa kuondoka.

Tuanze na hiyo herufi S. Tunachukua bakteria wako, tunampaka kwenye sahani yenye chakula kilichoganda kama jeli, juu yake tunapanga vikaratasi vya mviringo vyenye dawa, kisha sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Asubuhi tunakuta utando wa bakteria umejaa sahani nzima, isipokuwa kuzunguka vikaratasi vya dawa zinazomuweza. Pale pana duara tupu. Tunachukua rula, tunapima milimita, tunalinganisha na jedwali, tunaandika S au R, yaani sugu. Basi. Kipimo chote hicho kinajibu swali moja: dawa ikiwepo, ataota? Kama amekufa au yuko hai, hakijaulizwa.

Kutoota na kufa ni vitu viwili, na wewe uliyeko Kongwa unalijua hilo kuliko mimi. Mwezi wa kumi ukisimama kwenye tambarare za ranchi unaona vumbi na mashina ya nyasi yaliyokauka kama ufagio. Mtu wa maabara akipima siku hiyo ataandika: nyasi, S kwa ukame. Mvua za Desemba zikipiga siku mbili tu, wiki haijaisha ng'ombe wanakula kijani.

Kuna ujanja mmoja rahisi ambao maabara ya Nathalie Balaban, huko Jerusalem, iliutangaza mwaka 2017. Duara tupu likishatokea, wanaondoa kikaratasi cha dawa na kuweka mahali pake kikaratasi chenye glukosi, yaani chakula, kisha sahani inarudi kwenye joto. Kwa baadhi ya bakteria, kesho yake ndani ya lile duara vimechomoza vijidoa. Ukiwachukua hao ukawapima upya, S ileile. Walikuwemo ndani ya duara muda wote.

Jambo lenyewe lina umri. Mwaka 1944, Joseph Bigger wa Dublin alikuwa akitia penisilini kwenye supu ya maabara iliyojaa bakteria aina ya stafilokokasi, na mara nyingi akirudi anakuta supu haijasafika kabisa. Mmoja hivi kati ya milioni alibaki hai. Akawaotesha hao waliobaki, akawapiga penisilini tena: wakafa kama walivyokufa babu zao, na tena akabaki mmojammoja. Aliwapa jina ambalo kwa Kiswahili mimi hulitafsiri "masalia". Sasa unaona mwenye duka wako anachanganya wapi. Bakteria sugu huota dawa ikiwepo, na watoto wake hurithi. Masalia haoti dawa ikiwepo, anangoja tu, na watoto wake hawarithi chochote. Simlaumu sana. Mimi mwenyewe chuoni masalia walipewa nusu ukurasa, na mtihani haukuwauliza.

Bigger alidhani masalia ni wale waliokuwa wametulia, hawagawanyiki. Kwa penisilini na ukoo wake, amoksilini na seftriaksoni zikiwemo, maelezo hayo yanafika mbali. Dawa hizi hazibomoi ukuta wa bakteria zenyewe. Bakteria anayekua hulazimika kukata ukuta wake kila mara ili aingize tofali jipya. Penisilini inawashika mikono waingizaji wa matofali, wakataji wanaendelea kukata, ukuta unatoboka, maji yanaingia, anapasuka. Asiyejenga hakati, na asiyekata hapasuki. Dawa ikipita anaendelea na maisha yake, hana hata jeraha la kuuguza.

Lakini wewe ulimeza sipro, na hapo ndipo patamu.

DNA ya E. coli ni uzi wa duara wenye herufi kama milioni 4.6. Ukinyooshwa unafika milimita moja na nusu, na umebanwa ndani ya mwili wa mikromita mbili hivi. Uzi wa namna hiyo ukifunguliwa ili usomwe au unakiliwe, unajisokota mafundo. Kipo kimeng'enya kiitwacho gairesi ambacho kazi yake ni kukata uzi pande zote mbili, kupitisha uzi mwingine kwenye pengo, kisha kuunga. Kinafanya hivyo maisha yote. Sipro inakishika katikati ya kazi: kimeshakata, hakijaunga. Ni kama fundi cherehani wa pale soko la Majengo ameshapiga mkasi kwenye kitenge chako, kisha mtu akamkamata mikono. Kitambaa kimeharibiwa na fundi wako mwenyewe.

Kwa muda mrefu tuliamini kwamba masalia wa sipro nao ni waliolala tu, dawa haikuwagusa. Mwaka 2015 watafiti wa Princeton, Marekani, walilipima hilo wakitumia ofloksasini, ndugu wa damu wa sipro, kwa bakteria waliokuwa wameacha kukua. Wakakuta masalia wameumizwa DNA kama waliokufa. Wote walipigwa. Kisha wakakuta kitu kingine: vifaa vya kutengeneza DNA havikuhitajika wakati dawa ipo. Vilihitajika dawa ilipoondolewa, bakteria walipoanza kuamka. Asiyekuwa na vifaa hivyo alivuka muda wote wa dawa, kisha akafa wakati wa nafuu.

Mwaka 2018 maabara hiyohiyo ikaja na jaribio ambalo huwa nawasimulia vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo kazini. Dawa imeondolewa. Kundi moja la bakteria linapewa chakula papo hapo, jingine linanyimwa kwa saa kadhaa kwanza. Ukiwauliza vijana nani watapona zaidi, wote watasema walioshiba, maana mgonjwa si anahitaji uji? Waliopona zaidi ni waliocheleweshewa chakula. Sababu ukiisikia utacheka. Chakula kikifika, bakteria anaanza kukua, na kukua ni kunakili DNA. Mashine ya kunakili ikipita mbio juu ya uzi uliokatika, jeraha linakuwa janga. Mwenye njaa alilazimika kutulia, na alipotulia alipata muda wa kushona kwanza. Haraka haraka haina baraka tumeisikia tangu utotoni. Sikutegemea kuikuta kwenye sahani ya E. coli. Sehemu kubwa ya kazi tunayoisifia dawa inamaliziwa na pupa ya bakteria mwenyewe.

Anashonaje sasa? Uzi uliokatika pande zote mbili hauungwi kwa kubahatisha, kwa sababu pale penye mkato baadhi ya herufi huwa zimepotea. E. coli anatafuta nakala nyingine ya uzi uleule ndani ya mwili wake, analaza ncha iliyokatika juu ya nakala nzima, anasoma, anajaza, anaunga. Mwanafunzi wako aliyechaniwa daftari anafanya hivyohivyo, anakwenda kwa jirani yake. Asiye na jirani hana pa kunakili. Na ndivyo inavyoonekana maabara: bakteria anayekutwa na dawa akiwa na nakala mbili za kromosomu, yaani huo uzi wake mzima, ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko mwenye moja. Kwa hiyo mwenye bahati anaweza kuwa yule aliyekaribia kugawanyika, dawa ikamkuta bado hajagawanyika.

Umeuliza nani anatoa amri. Hakuna anayetoa, Mwalimu, na ndiyo sababu naipenda habari hii. Jeni za matengenezo, zaidi ya arobaini kwa E. coli, hukaa zimefungwa siku zote, na aliyezikalia ni protini iitwayo LexA. DNA ikiumia, vipande vya uzi hubaki wazi upande mmoja, na protini nyingine, RecA, inajipanga juu ya uzi huo ulio wazi kama shanga. LexA akikutana na RecA aliyejipanga hivyo, anajikata mwenyewe vipande viwili. Kufuli limevunjwa na jeraha lenyewe. Jeni zinafunguka, mafundi wanatoka. Jeraha likizibwa, hakuna uzi ulio wazi, RecA anatawanyika, LexA mpya anajazana, milango inafungwa. Miroslav Radman, aliyelipendekeza wazo hili miaka ya 1970, aliupa mfumo huu jina la SOS, ule wito wa meli inayozama.

Kati ya jeni zinazofunguka imo moja inayopiga marufuku kugawanyika. Usigawe urithi nyumba ikiwa inaungua. Lakini bakteria anaendelea kurefuka, kwa hiyo anakuwa mrefu, mrefu kupita kiasi, mara kumi na zaidi ya kawaida yake. Evelyn Witkin aliwaona hao mwaka 1944 huko Cold Spring Harbor, Marekani, alipowapiga E. coli mionzi ya urujuanimno: wakarefuka kama nyoka bila kugawanyika. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Alizitumia nyoka hizo kuufikia mfumo wenyewe pamoja na Radman, akatunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 2015, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 102. Mimi mara ya kwanza kuwaona kwenye hadubini nilikuwa mwanafunzi, nikadhani nimeingiza uchafu kwenye slaidi, nikaimwaga. Mwalimu wangu alinigombeza siku nzima. Nilikuwa nimemwaga wagonjwa walioko wodini.

Matengenezo yakikamilika, marufuku inaondolewa, na yule nyoka anaanza kukatika kuanzia nchani, akitoa vitoto vya ukubwa wa kawaida vinavyokwenda zao. Kuanzia hapo ni hesabu tu. Maabara, penye chakula tele, E. coli hugawanyika kila dakika 20 hivi. Ndani ya kibofu mwendo ni mwingine, lakini kutoka masalia wachache hadi maumivu yako ya siku ya kumi, muda ulikuwepo wa kutosha na wa kubaki.

Kuna dawa nyingine ambazo hapa nazipita haraka, kwa sababu hazina mengi ya kusimulia. Doksi, azuma (azithromaisini) na kloramfenikoli huzishika ribosomu, viwanda vya protini, zikasimama. Kwa bakteria wengi hazivunji kitu. Dawa ikitoka viwanda vinawashwa, na kazi ya kuua huwa imeachiwa askari wa mwili wako.

Ila jenta, ile sindano ya jentamaisini, ni habari tofauti, na kama uliwahi kumuuguza mtu wodini huenda ulijiuliza jambo. Mbona sindano ya penisilini inapigwa kila baada ya saa nne au sita, hata usiku wa manane nesi anakuja na taa, lakini jenta kwa watu wazima wengi ni mara moja kwa siku, na figo zao zitaishusha ndani ya saa chache? Sehemu moja ya jibu ni kwamba jenta inaua kwa ukubwa wa pigo, kwa hiyo pigo moja kubwa linafaa kuliko vijipigo. Sehemu nyingine ndiyo hii yetu. Jenta huvifanya viwanda vitoe protini zilizokosewa, na hizo zinakwenda kujichomeka kwenye utando wa bakteria na kuuharibu. Dawa ikishatoka kwenye damu, bakteria aliyenusurika anabaki ameduwaa kwa saa kadhaa, anafagia protini mbovu, anaziba utando, anaunda viwanda vipya. Saa hizo za kuduwaa tunazihesabu kwenye ratiba ya dawa. Penisilini haimduwazi E. coli na jamaa zake kiasi hicho. Ikitoka tu, waliobaki wanaendelea kujenga, ndiyo maana nesi halali. (Seftriaksoni ni ya ukoo wa penisilini na bado inapigwa mara moja kwa siku, lakini hiyo ni kwa sababu yenyewe hukaa mwilini muda mrefu. Usije ukanishika hapo.)

Yupo pia bakteria anayepona kwa kuvua nguo. Mwaka 1935 Emmy Klieneberger, akiwa Taasisi ya Lister jijini London, alieleza bakteria wasio na ukuta, laini kama povu, akawapa herufi L kwa heshima ya taasisi yake. Ukiwa huna ukuta, dawa ya kuharibu ujenzi wa ukuta haina pa kukushika. Shida yao ni kupasuka kwenye maji, lakini mkojo una chumvi na vitu vingine vya kutosha kuwasitiri. Mwaka 2019 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha E. coli wa namna hiyo kwenye mikojo ya wazee wenye UTI ya kujirudia, na wakaona dawa ikiondoka wanajenga ukuta upya na kurudi kuwa bakteria wa kawaida. Sahani zetu za kila siku haziwaoteshi wakiwa uchi. Kwako hii haihusiki moja kwa moja, maana sipro haina kesi na ukuta, ila nimeitaja ili ujue kwamba "hakuna ukuaji" kwenye karatasi yangu nayo isomwe kwa adabu.

Na kwa kuwa uko Kongwa siwezi kuviruka vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho. Wilaya yako inajulikana duniani kwa utafiti wa trakoma uliofanyika vijijini humo tangu miaka ya 1980, na huenda bibi yako ni mmoja wa waliong'olewa kope zilizogeukia ndani. Anayeleta vikope ni Klamidia, bakteria anayeishi ndani ya seli za binadamu. Kwenye maabara ukimpiga Klamidia kwa penisilini hafi. Anavimba, anakuwa dubwana lisilo na umbo, anaacha kugawanyika, anakaa. Ukiondoa penisilini, dubwana linarudi kugawanyika na kutoa vitoto vya kawaida vinavyoambukiza. Azithromaisini inayogawiwa kijijini kwa dozi moja inafanya kazi kwa njia nyingine, na uzuri wake mmoja ni kwamba inaingia ndani ya seli na kukaa humo kwa siku kadhaa. Dozi ni moja, lakini dawa yenyewe haimpi mdudu zile saa za kuamka mapema. Kifua kikuu ni kisa hichohicho kwa urefu zaidi: bakteria wake hugawanyika mara moja kwa siku hivi, wengine hawagawanyiki kabisa kwa muda mrefu, na ile miezi sita inayowachosha wagonjwa wengi, waliokwishaacha kukohoa zamani, inawafuata hao wa mwisho.

Kuhusu usugu, mwenye duka wako hajakosea kabisa, amewahi tu. Mfumo wa SOS ukibaki umefunguka muda mrefu, unamtoa fundi wa mwisho, kimeng'enya cha kunakili ambacho hakijali usahihi. Penye herufi iliyoharibika, wenzake husimama. Yeye anaandika chochote na kupita. Ni heri kuwa hai na makosa. Makosa mengi ni hasara kwa bakteria au hayana maana, lakini mara mojamoja kosa linaangukia kwenye jeni ya gairesi na kuibadili umbo, sipro ikose pa kushika. Huyo sasa ni sugu wa kweli, na amezaliwa wodini, wakati wa nafuu.

Watu wa Jerusalem walifika mbali zaidi. Mwaka 2014 waliwapiga E. coli ampisilini kila siku kwa muda maalumu: kundi moja saa 3, jingine saa 5, jingine saa 8. Baada ya mizunguko michache tu, bakteria wa kila kundi walikuwa wamebadilika wakachelewa kuamka kwa muda uleule wa dawa yao. Wa saa tatu waliamka baada ya saa tatu hivi, wa saa nane baada ya nane. Kama wezi waliojua zamu ya mlinzi. Mwaka 2017 wakaonyesha kwamba wavumilivu hao ndio waliotangulia, na usugu ukaja nyuma yao, kwa sababu anayebaki hai kila raundi ana raundi nyingi za kubahatisha. Ndiyo maana mtindo wa kumeza vidonge viwili leo, kuacha, kurudia wiki ijayo vilivyobaki kabatini, unanitisha kuliko dozi moja iliyoshindwa.

Sasa yako. Sitakuambia kwamba nina hakika masalia ndio waliokurudia. Jina E. coli kwenye karatasi si ushahidi kwamba ni bakteria yuleyule wa mwanzo, kama vile watu wawili kuitwa Chilongola si lazima wawe ndugu. E. coli wapo utumbo mzima, na mwingine anaweza kuwa amepanda kutoka hukohuko, maana kwa wanawake safari ni fupi. Kuna pia E. coli wanaojichimbia ndani ya seli za ukuta wa kibofu, mahali ambapo dawa nyingi hazifiki vizuri. Hilo limeonekana sana kwa panya, na seli zilizojaa bakteria zimekutwa kwenye mikojo ya wanawake wenye UTI. UTI iliyorudi ndani ya wiki mbili hutufanya tufikirie kwanza mdudu wa awali aliyebaki, na siku yako ya kumi inaangukia humo. Huwa pia inamfanya daktari aulize kama kuna jiwe kwenye figo, au kitu kinachozuia kibofu kukauka.

Kwa hiyo usiongeze siku za sipro kwa uamuzi wako, wala usirudi dukani kununua dozi ileile. Siku tatu ulizopewa ni dozi inayojulikana kwa UTI ya kawaida ya kibofu kwa mwanamke, si kwamba mtu alikupunja. Rudi na karatasi kwa daktari, mwambie tarehe ya kidonge cha mwisho na tarehe maumivu yaliporudi, maana tarehe hizo mbili zina maana kuliko neno "sugu" au "si sugu". Ukipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya kiuno upande mmoja, au kama una ujauzito, usingoje siku ya kliniki.

Na akikuagiza kuotesha tena, naomba mambo mawili kwa niaba ya sisi tunaokaa nyuma ya dirisha. Toa mkojo kabla ya kidonge cha kwanza. Ukishameza hata kimoja, unaniletea bakteria walioduwaa. Sahani yangu itabaki tupu, nitaandika "hakuna ukuaji", na wao wakati huo wanashona. La pili, usiubebe kutoka nyumbani. Kutoka Kongwa upite Mbande, usubiri gari, ufike mjini jua limewaka, chupa ikiwa kwenye mkoba, itakuwa imepita saa mbili na zaidi, na hata bakteria wachache wasio na hatia watakuwa wamezaana humo ndani hadi nishindwe kujua nani alitoka kibofuni. Njoo na kibofu kimejaa, chombo utapewa hapahapa, ule mkojo wa mwanzo uuache upite, utegee wa katikati.